Fimbo ya Nabii Musa

Katika Sura ya Twaha Nabii Musa (A.S.) anaulizwa ameshika nini mkononi. Anajibu: ni fimbo, huiegemea na kuwapukutishia kondoo wake majani. Anaamriwa aitupe, inageuka nyoka. Kisha anaambiwa aishike, asiogope. Baadhi ya Masufi husema fimbo hiyo ni kila tunachokiegemea badala ya Mola.

Yangu ilikuwa kibali cha kazi. Mwaka 2009 nilitakiwa nitie saini hesabu za boriti nilizojua ni pungufu. Nilisita siku tatu, nikiwafikiria watoto, na wazee nyumbani. Siku ya nne nikakataa. Kazi ikaenda.

Musa alirudishiwa fimbo ile ile. Nami baada ya miezi saba nilipata kazi nyingine. Nyoka bado namwogopa, ila najua sasa kwamba haikuwa fimbo iliyonisimamisha.