Huyo Farasi Ala Nini?

Kijana ninayemsimulia ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo aibu ya kisa hiki ni yangu pia. Nimemwomba ruhusa kabla ya kushika kalamu, naye amekubali kwa sharti la kutotajwa jina. Kampuni iliyokula pesa zake sitaitaja vilevile. Kampuni za namna ile ni nyingi, na yaliyomfika angeweza kuyapata katika yoyote kati ya hizo.

Alizaliwa Kibokoni, akasoma madrasa hatua chache kutoka Ndia Kuu, na alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa akimsaidia babake dukani, duka la vitambaa karibu na Marikiti. Farasi hakupata kumgusa maishani mwake. Angemgusa wapi? Mombasa si mji wa farasi. Mbung'o wa nyika iliyo nyuma yetu waliwaua wanyama wa mizigo miaka na miaka, ndiyo maana bidhaa za bara zilishuka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, na ndani ya Mji wa Kale hadi leo mzigo hubebwa na hamali au husukumwa kwa mkokoteni. Mnyama wa kupandwa ambaye mtoto wa kisiwani humjua ni ngamia wa Pirates, anayetembezwa ufuoni na mgeni mgongoni.

Mapenzi yake yalianzia Dubai. Kakake hufanya kazi kule, na mwezi wa Machi ulipokuwa ukiisha alimtumia video ya Dubai World Cup, mbio zilizoanza mwaka 1996, zikahamia uwanja wa Meydan mwaka 2010, na zawadi yake ni dola milioni 12. Kijana akapagawa. Akapakua programu ya kufuatilia farasi wa mbio, na kwa miezi kadhaa sikuona ubaya wowote ndani yake. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wakisikia kisa chake hukimbilia kuilaumu simu. Programu ile ilikuwa na elimu. Kila farasi alikuwa na ukurasa wake: babake na mamake, umri wake, mwalimu wake, aliyempanda, uzito aliobebeshwa, masafa aliyokimbia, ardhi ilikuwa kavu au imelowa, na alimaliza wa ngapi. Ukimfuata farasi mmoja miezi sita unaanza kumjua tabia. Huyu hutoka polepole kisha hukaza mwishoni, yule hapendi kurushiwa mchanga usoni. Baada ya Isha, barazani, kijana alikuwa akitusomea matokeo huku dele la kahawa likizunguka. Ni yeye aliyetufahamisha kwamba farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred waliopo leo duniani, nasaba zao kwa upande wa baba hurudi kwa madume watatu tu walioletwa Uingereza kutoka mashariki, na kwamba mmoja wao alitoka Aleppo mwaka 1704. Wazee walimsikiliza kwa makini. Mimi nilijivuna.

Jambo jingine alilitaja siku hizo, na laiti tungalilishika. Kule Meydan, mbele ya zawadi ya mamilioni, hakuna kuweka dau. Watu huja kuwatazama farasi, na anayetaka kubashiri hujaza karatasi ya mashindano ya bure.

Kilichomgeuza ni tangazo lililokaa chini ya matokeo. Aligusa, akajisajili kwa namba yake ya simu, akaweka shilingi 50. Wiki ya pili alishinda 1,700, akaja barazani na viazi karai na kachumbari, bakuli zima, akatukaribisha. Tulikula. Hakuna aliyeuliza pesa zimetoka wapi, nami nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Farasi wa kweli, hata hivyo, ana mipaka. Akikimbia leo, huenda asirudi uwanjani kwa wiki kadhaa. Msimu wa Dubai huisha jua linapokuwa kali. Hapa kwetu Kenya, uwanja wa Ngong kule Nairobi, uliopo tangu 1954, hukimbiza farasi wake siku za Jumapili za msimu. Mtu aliyezoea kuweka dau kila siku hana subira ya kiasi hicho, na kampuni ilikuwa imemwandalia dawa: mbio za kompyuta, kila baada ya dakika tatu, usiku na mchana.

Alinionyesha baadaye, kwa hiyo naweza kueleza. Kwenye kioo hutokea uwanja wa majani mabichi, farasi sita wenye namba na majina, wapandaji wenye fulana za rangi. Lango hufunguka, vumbi hupanda, sauti ya mtangazaji hukimbia pamoja nao, na chini ya nusu dakika mmoja amefika. Kisha hutokea jedwali la matokeo yaliyopita, limepangwa vizuri sawasawa na lile la programu ya kwanza. Jedwali hilo ndilo lililomponza. Yeye alikuwa amefundishwa, tena kwa haki, kwamba matokeo ya nyuma husema kitu kuhusu mbio za mbele. Akanunua daftari la kurasa 96, akapiga mistari kwa rula, akaanza kuandika: saa, namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, malipo. Mwandiko wake ni mzuri, wa mtoto aliyefunzwa kalamu madrasa. Pembeni kwa wino mwekundu aliandika maoni: namba 4 ameamka, namba 2 anakaribia, namba 6 achwe. Alijaza kurasa 71.

Pesa za duka zilitangulia. Zikafuata za mikopo ya simu, ile ya kukopa dakika moja na kudaiwa maisha. Mwisho zikaja ambazo hazikuwa zake hata kidogo. Mamake alikuwa kwenye mchezo, upatu kama wengine waitavyo, wanawake kumi na wawili wa mtaa, kila mmoja shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa kuwa kijana alikuwa mwaminifu na hodari wa simu, walimfanya mpokeaji: wote humtumia yeye, naye humtumia mwenye zamu. Mwezi wa Rajabu zamu ilikuwa ya mama mmoja muuza mahamri. Shilingi 36,000. Alitaka kununua friza kabla ya Ramadhani, auze barafu na sharubati wakati wa futari. Alikuwa ameshapima nafasi ya kuliweka, kati ya jiko na mlango.

Zote ziliondoka kwa usiku mbili.

Siku ya tatu mama yule alibisha hodi asubuhi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, kuna tatizo la mtandao?" Kijana akasema ndiyo, bi mkubwa, kuna tatizo la mtandao. Aliniambia baadaye kwamba neno lile ndilo lililomvunja, kuliko hasara yenyewe. Alasiri alikuja kwangu na daftari chini ya kwapa.

Sikumpiga wala sikumtukana, maana nilikikumbuka kile kiazi karai. Nilimchukua barazani kwa mzee mmoja aliyekulia Lamu na kufuga punda tangu utotoni, mtu ambaye punda wake waliwahi kukimbia mbio za Maulidi pale ukingoni mwa bahari, vijana wakiwapanda bila tandiko. Niliona yeye atafahamu mambo ya mnyama. Mzee aliishika simu mbali na macho, akatazama mbio moja, akatazama ya pili. Kisha akauliza:

"Huyu farasi ala nini?"

"Hali, babu. Ni wa kompyuta."

"Achoka?"

"Hachoki."

"Mamake n'nani?"

Kijana akanyamaza. Mzee akarudisha simu, akaanza kueleza taratibu kuhusu punda wake mmoja aliyeshinda mwaka mmoja na mwaka uliofuata akashindwa. Mwaka wa kushinda alikuwa amepumzishwa kazi ya kubeba mawe ya matumbawe siku kadhaa, akala vizuri, na kwato zilikuwa nzima. Mwaka wa pili alikuwa na kidonda chini ya mkia ambacho hakuna aliyekiona ila mwenyewe. Kila ushindi ulikuwa na sababu yake mwilini mwa mnyama. Akamkumbusha pia lile alilosoma madrasa, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi Madina, na waliofanyishwa mazoezi walipewa masafa marefu, wasiofanyishwa wakapewa mafupi. "Waliangaliwa wao kwanza," mzee akasema. "Hawa wako, nani kawaangalia?"

Mimi nilikuwa karani wa hesabu miaka thelathini, nikachukua daftari. Kwanza nilimweleza ambalo hakuna tangazo lililomweleza: katika mbio za kompyuta mshindi huchaguliwa na mashine kwa bahati, na picha ya kukimbia ni pambo linalofuata. Namba 4 wa sasa na namba 4 wa dakika tatu zilizopita hawana uhusiano wowote. Hakuna mguu uliotibiwa wala pumzi iliyorudi. Kwa hiyo jedwali la matokeo ya nyuma, ambalo kwa farasi wa Meydan ni ushahidi, hapa halisemi kitu. Kurasa 71 za mwandiko ule mzuri hazikuwa na habari ya kiumbe yeyote.

Kisha tukapiga hesabu ya mbio moja aliyoiandika. Farasi sita. Wa kwanza alilipa mara 4 ya dau, watatu walilipa mara 5, wawili wa mwisho mara 8. Nikamwambia aweke dau kwa wote sita, kiasi cha kumhakikishia shilingi 100 hata ashinde yupi. Akaandika: 25, kisha 20, 20, 20, kisha 12.50 na 12.50. Akajumlisha. Ikaja 110. Akarudia kujumlisha, ikaja 110. Unatoa 110 ili upewe 100, na hiyo ni siku ambayo umewafunga farasi wote, hakuna awezaye kukuponyoka. Kumi ile imo ndani ya kila mbio, iwe umeshinda au umeshindwa. Mbio za dakika tatu ni ishirini kwa saa. Mwenye kuweka 500 kila mara, kwa wastani, hupoteza zaidi ya shilingi 900 kila saa anayokaa macho. Kijana aliitazama ile 110 muda mrefu. Akasema, "Mjomba, mbona sikujumlisha?"

Swali lile nimelibeba tangu siku ile. Hakujumlisha kwa sababu alishughulika kuwasoma farasi. Akili yake yote, na si ndogo, ilikuwa kazini usiku kucha ikitafuta tabia ya mnyama ambaye hayuko. Watu husema vijana wa kamari ni wavivu. Huyu alifanya kazi kuliko mtu yeyote niliyemsimamia ofisini.

Serikali imejaribu kukaza. Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari, na mwaka 2025 nchi ikapata sheria mpya ya kamari mahali pa ile ya 1966. Naunga mkono. Lakini mkaguzi wa serikali hatafika chumbani Kibokoni saa nane za usiku, na aliye karibu na simu ile ni mama, mjomba, kaka wa Dubai anayetuma video. Kwa hiyo nawaomba walio na vijana nyumbani: mkimwona mtoto anafuatilia farasi, au mpira, au chochote chenye jedwali la matokeo, msimnyang'anye simu. Kaeni naye. Mwambieni awaonyeshe huyo mnyama yuko wapi, amezaliwa na nani, lini amepumzika. Akiwa na majibu, mtajifunza pamoja, kama tulivyojifunza sisi habari za dume la Aleppo. Asipokuwa nayo, leteni kalamu mjumlishe malipo pamoja. Na akija na viazi karai, ulizeni kabla ya kula.

Babake alitaka kulipa deni lote siku ile ile, kufunika aibu. Mama wa mahamri alikataa. Alisema pesa alimpa kijana, na atazipokea kutoka mkononi mwa kijana. Wakakubaliana 1,500 kila Ijumaa baada ya swala, taslimu, mlangoni kwake. Ramadhani ile aliuza sharubati yake kwa ndoo ya plastiki na vipande vya barafu vya kununua, na mahali pa friza, kati ya jiko na mlango, alipanga viti.

Daftari bado linatumika. Kurasa 25 zilizobaki zina mistari ile ile ya rula, ila safu ni mbili tu: tarehe na kiasi, na mbele yake saini ya mama wa mahamri. Ijumaa iliyopita ilikuwa ya kumi na nane. Zimelipwa 27,000, zimebaki 9,000.