Nyumba ya Jirani Mnadani

Je, ni kosa kununua nyumba ya jirani mnadani? Mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje, bei ilianguka huku Rukwa. Jirani yangu hapa Milanzi alikuwa ameweka nyumba rehani akitegemea mavuno. Sheria ya Ardhi humpa mdaiwa notisi ya siku 60, lakini siku 60 hazipandishi bei ya gunia.

Dalali alipokuja nilikuwapo, fedha mfukoni. Nilijiambia: nisiponunua mimi, atanunua mwingine. Ni kweli, ila hata mwizi husema hivyo. Mkewe, aliyeridhia rehani ile kama sheria inavyotaka, akanisalimu kama siku zote. Nikanyamaza. Nyumba ikachukuliwa na mgeni, kwa bei ndogo kuliko fedha nilizokuwa nazo, deni likabaki.