Zamu ya Kiangazi

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, hotuba nyingi hutolewa na miche mingi hutiwa ardhini. Jambo hilo ni jema, wala hatuna neno la kulipinga. Lakini leo twataka kuwataja watu ambao mara nyingi hawaonekani katika picha za siku hiyo, kwa kuwa kazi yao huzidi uzito baada ya wageni kuondoka, katika miezi ambayo hakuna anayefikiri habari za miti. Ni wale wanaume na wanawake wa vijijini wanaojitolea kulinda misitu ya hifadhi.

Tuchukue mfano ulio karibu na jiji kuu la biashara la nchi yetu. Katika Mji wa Kibaha iko kata ya Mbwawa. Katika nchi hiyo, kati ya Kibaha na Kisarawe, umetanda Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini. Na ukielekea mashariki wakutana na vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi, ambavyo sasa ni Hifadhi moja ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Wakatoliki wengi walijua jina la Pugu kwa sababu nyingine. Hapo ndipo Wabenediktini walipofungua misioni mwaka 1888, na hapo misioni ilichomwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, na baadhi ya wamisionari wakauawa. Hata leo mahujaji hupanda kwenda kusali. Sijui ni wangapi kati yao hugeuza macho kuutazama msitu ulio jirani na kituo chao.

Nao wastahili kutazamwa. Misitu hii ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, ambayo zamani ilienea mbali zaidi. Iko miti huko ambayo wataalamu wa mimea waliitia jina la Pugu, kwa kuwa hapo ndipo walipoitambua mara ya kwanza. Yuko komba mdogo sana, uzito wake haufikii gramu mia, ambaye katika dunia nzima hukaa katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Wenye elimu wamemwita kwa jina la Rondo, uwanda ulioko Lindi. Mtu aweza kusema: komba ana faida gani? Basi tumwambie habari za maji. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, kisha hushuka kupita katikati ya Dar es Salaam hata baharini. Wakazi wa Jangwani wanaujua mto huo vizuri kuliko sisi. Wale waliofiwa na ndugu katika mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kufundishwa. Hatusemi kwamba mafuriko ya jiji yatoka katika kukatwa kwa miti peke yake, maana watu wamejenga bondeni na takataka zimeziba mifereji. Lakini kilima kilichovuliwa miti hakiyashiki maji ya mvua, nayo hushuka yote kwa pamoja na mchanga wake.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, jinsi inavyokwenda na majira. Masika, tangu Machi hata Mei, ndiyo miezi ya furaha. Ardhi ni laini, mche hushika upesi, na walinzi hupata wasaidizi wengi: wanafunzi, viongozi, vyama vya kitume. Njia za msituni hazipitiki kwa urahisi, na kuni zilizolowa ni taabu kwa mchoma mkaa. Baada ya hayo huja kipupwe, na zile nyasi ndefu zilizolishwa na masika huanza kukauka. Huo ndio wakati wa kufyeka njia za kuzuia moto mpakani, kwa panga na jembe, mwendo mrefu, jua na upepo. Kazi hiyo isipofanyika Juni na Julai, Septemba mtu atakuwa amechelewa.

Kisha huja kiangazi chenyewe. Hapa ndipo msitu hupona au hufa. Mrina asali huacha mwenge wake. Mwindaji huwasha nyasi ili mnyama atoke. Mkulima husafisha shamba, na moto haujui kusoma bango la mpaka. Usiku hupita pikipiki bila taa, zimebeba magunia ya mkaa yaliyofungwa lumbesa. Walinzi hufanya doria kwa miguu, wengi wao bila mshahara, na mara nyingi bila buti wala tochi yenye betri. Vuli ikinyesha, Novemba na Desemba, hushusha pumzi kidogo na kupalilia miche iliyosalia, ingawa mashamba yao wenyewe nayo yanawaita. Januari na Februari joto hurudi, watu huchoma mashamba wakingojea masika, na zamu huanza tena.

Twasema kwamba kiangazi ndicho huamua, wala si kwa kupenda kupinga desturi ya kupanda. Mapori ya miombo yana tabia moja ambayo Muumba aliitia ndani yake: miti yake mingi ikikatwa huchipua tena kutoka kisiki na mizizi, bila mtu kuleta mche wowote. Inahitaji miaka, na inahitaji kuachwa. Lakini moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukipita juu ya machipukizi hayo mwaka baada ya mwaka, kisiki huchoka na kufa. Kwa hiyo mama wa kijiji aliyefyeka njia ya moto mwezi wa Julai huenda ameiponya miti mingi kuliko tuliyoipanda sisi sote Aprili, na hakuna aliyempigia makofi.

Tena uko ugumu mwingine ambao haujulikani na wengi. Mtu yule ambaye mlinzi hukutana naye msituni usiku, shoka begani, mara nyingi si mgeni. Ni shemeji yake. Ni jirani ambaye juzi walizika pamoja. Pengine ni mwenzake wa Jumuiya Ndogo Ndogo, aliyeongoza rozari Alhamisi iliyopita. Amchukulie hatua, na kesho asalimiwe na nani kisimani? Amwache, na kazi yake ina maana gani? Bwana wetu Yesu Kristo alisema juu ya mtu wa mshahara anayekimbia aonapo mbwamwitu akija. Mlinzi wa kujitolea hana hata mshahara wa kumshikilia, na anayemwona akija si mbwamwitu bali ni ndugu. Akisimama mahali pake bila kukimbia na bila kumchukia, hiyo ni fadhila ambayo hatuihubiri vya kutosha.

Wala hatutasema kwamba kila achomaye mkaa ni mtu mwovu. Wengi huingia msituni kwa sababu mahindi yamekauka, au mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare na daftari. Tanuri la udongo ni kazi ya jasho: hukata magogo, huyapanga, huyafukia, hulala kando yake siku nyingi akichungulia moshi. Mwisho wake, katika kilo kumi za kuni hupata kilo moja au mbili za mkaa, na faida kubwa huenda kwa wachukuzi na wachuuzi. Kanisa haliwezi kumhukumu mtu huyo na kunyamaza juu ya wengine.

Wengine hao ni nani? Tuingie jikoni mwetu. Msitu wa Ruvu haukatwi kwa ajili ya Mbwawa. Watu wa Mbwawa hawawezi kuumaliza kwa vyungu vyao. Unakatwa kwa ajili ya Temeke, Ubungo, Kinondoni na Ilala. Familia ya Kikristo ikinunua gunia bila kuuliza limetoka wapi, imelipa ujira wa shoka lile la usiku. Twajua kwamba si rahisi. Mama anayepata riziki yake kwa siku hununua mkaa kwa kopo, kwa kuwa fedha ya kujaza mtungi wa gesi haikusanyiki kwa mara moja. Serikali katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, imekusudia kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Twauombea ufanikiwe. Lakini kabla ya kumnyoshea kidole mama wa kopo, tuangalie nyuma ya nyumba zetu sisi: seminari, shule za bweni, nyumba za kitawa, na sherehe za upadrisho zenye masufuria makubwa. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekwisha kutakiwa kuacha kuni na mkaa. Ingekuwa aibu Mama Kanisa akumbushwe na mkaguzi jambo lililoandikwa na Baba Mtakatifu Fransisko tangu mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si', kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja.

Iko pia haki ya walinzi wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji nafasi ya kutenga misitu yao wenyewe na kuisimamia kwa Kamati ya Maliasili, na pia kushirikiana na Serikali katika kuilinda misitu ya Taifa. Hilo ni jambo la heshima kubwa. Lakini katika misitu ya Serikali mahali pengi mikataba ya kugawana faida ilikawia miaka na miaka, hali doria ziliendelea. Kujitolea ni sadaka, na sadaka hutolewa kwa hiari. Haiwezi kugeuzwa kuwa njia ya kupata kazi bure kwa maskini. Amlindiaye mwingine mali apaswa kushiriki kitu chake, angalau asali, uyoga, dawa za miti shamba, na fungu la faini zinazotozwa. Tena apaswa kuzikwa kwa heshima na kutunzwa watoto wake, kama akiumizwa kazini.

Hapa twapenda kusema neno juu ya Majira ya Uumbaji, ambayo Kanisa huyaadhimisha tangu tarehe 1 Septemba hata 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Parokia nyingi, kwa nia njema kabisa, hupanda miti katika siku hizo. Katika nchi za pwani huo ni mwezi wa vumbi, na mche usiopata mtu wa kuumwagilia hauioni vuli. Majira hayo yaliwekwa kwa dunia nzima, na si kila mahali mvua hunyesha kwa kalenda moja. Kwetu Septemba ni mwezi wa kulinda. Parokia ikitaka kumtukuza Muumba mwezi huo, iwaendee walinzi wa msitu ulio jirani nayo, iwaulize wanahitaji nini. Iwapelekee buti na tochi, na vijana kumi wenye nguvu wa kusaidia kuzima moto chini ya uongozi wa wenye ujuzi. Miche ikae kitaluni mpaka Machi.

Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, yatuambia habari za mtunza shamba ambaye bwana wake aliamuru mtini usiozaa ukatwe. Yeye hakubishana juu ya miaka mitatu iliyopita. Aliomba mwaka mmoja tu, na akajifunga kufanya kazi katika mwaka huo: kuupalilia na kuutia samadi. Hatuambiwi kama mtini ulizaa. Walinzi wa Ruvu na Pugu nao hawaambiwi. Mti mgumu wa pwani huchukua maisha ya mtu kukua, na yule anayeuzuilia moto mwaka huu huenda asiketi kamwe kivulini pake.

Mwaka huu kiangazi kitakapokuja, mapadre walio katika parokia zinazopakana na misitu watafanya vema kuwataja watu hao katika sala za waamini, na baada ya Misa kuwaita mbele, wao na wachoma mkaa wa kijiji pamoja, wakae chini ya mwembe wazungumze. Neno la kwanza litakuwa la sare za shule.