Tajiri na Kocha Wake: Angoje Mpaka Lini?

Andiko: Luka 13:6-9

Swali la wiki hii lilitoka kwa vijana wetu, na nimeona si la mpira peke yake. Timu yenye pesa ikiona kocha hashindi, imvumilie au impige kalamu? (Wanaouliza kwa sababu ya kubeti, tutaongea kando.)

Najua wengi mnawaza Arsenal na Manchester United, lakini tuangalie majirani zetu Tanzania. Yanga walimchukua Nasreddine Nabi Aprili 2021. Msimu ule Simba wakabeba ligi, tena wakawafunga Yanga fainali ya kombe kule Kigoma. Septemba, Rivers United ya Nigeria ikawatoa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ikiwafunga nyumbani na ugenini. Pesa za GSM zilikuwepo. Kumlipa Nabi haki yake na kuleta mwingine hakungewashinda. Wakamwacha afanye kazi. Msimu wa 2021/22 wakachukua ligi bila kupoteza hata mechi moja, uliofuata wakaichukua tena na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho.

Simba nao, wenye mkono wa tajiri Mohammed Dewji, walifungwa 5-1 na Yanga Novemba 2023. Siku chache tu, kocha Robertinho akaenda. Msimu ukaisha Simba wakiwa nambari tatu.

Mhubiri mvivu angefunga Biblia hapo, aseme subira huvuta heri, tutoe sadaka twende nyumbani. Lakini ukweli usemwe. Novemba 2024 hao hao Yanga walimfuta Miguel Gamondi, mtu aliyewapa ubingwa mwaka huohuo, kwa sababu ya kufungwa mechi mbili mfululizo, na Azam halafu Tabora United. Na msimu ukiisha? Mabingwa tena. Haraka yao haikuwanyima kikombe.

Kwa hivyo tusiseme tajiri avumilie kwa kuwa uvumilivu unalipa. Wakati mwingine haulipi. Nilisoma biashara chuo kikuu, na hesabu hii naielewa: mwenye pesa hununua njia ya kutoka. Analipa fidia, anasajili wachezaji wapya, maisha yanaendelea. Timu maskini hukaa na kocha wake kwa sababu haina nauli ya kumrudisha kwao. Hiyo siiti subira. Subira tunaweza kuipima kwa yule tu ambaye angeweza kukufukuza leo jioni na asikose usingizi.

Sasa mwone mwenye shamba katika Luka. Alikuwa na shamba zima la mizabibu, na mtini mmoja haungemfilisi. Alikuja miaka mitatu akitafuta tunda, akakosa, akataka ukatwe kwa kuwa ulikuwa unakula udongo bure. Hakuwa mtu mbaya. Sisi wa Makueni tunajua mwembe wa kupandikiza hukudai miaka kama mitatu kabla haujaanza kuzaa vizuri, na ndengu ni miezi miwili au mitatu tu. Anayelaumu mwembe kwa kukosa tunda msimu wa ndengu amekosea hesabu. Lakini mwembe uliokaa miaka yote hiyo bila tunda, hata mimi ningeuliza.

Mtunza shamba hakubishana naye. Hakusema mti hauna kosa. Aliomba mwaka mmoja, akaahidi kuchimba pande zote na kutia samadi, na akakubali kwamba baada ya hapo ukatwe. Kila nikisoma hapo naona kitu tunachokiruka: aliyeomba subira ndiye aliyeshika jembe. Mashabiki wanaoimba kocha apewe muda, na mabosi wanaompa muda huo bila kumpa mshambuliaji, hawajafanya alichofanya huyu. Na anayempa mtu muda bila kumwambia mwisho wake ni lini anamtesa tu.

Hapa kanisani hatuna timu. Lakini kuna mshirika mwenye duka Wote, mwingine ana msichana wa kazi Kitui mjini, mwingine ni mkuu wa idara anayeandika nani aongezewe kandarasi na nani aende. Wewe ndiye GSM wa mtu fulani. Kijana wa duka ana wiki tatu, amekosea chenji mara mbili, na nje kuna vijana kumi wanaongoja hiyo nafasi. Ukimfukuza, Jumatatu utakuwa na mwingine na duka halitafungwa. Ni kweli, utaona faida ileile. Swali ni kama kuna siku uliyoketi naye ukamwonyesha kuhesabu, na kama anajua amepewa mpaka lini.

Na idara ya sifa, ambayo imeletewa wazee barua mbili za kutaka kiongozi abadilishwe: walioandika barua, mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja jioni. Huwa siwaoni.