Seli shina na macho ya kipofu: Amana iko mikononi mwa nani?

 

Ndugu zangu Waislamu, swali linaloulizwa sana mjini siku hizi ni hili: je, ni kweli kwamba kipofu anaweza kutibiwa kwa seli shina akaona? Likishajibiwa, hufuata la pili: je, ni halali? Wengine hawafiki hata kwenye kuuliza, wao wanauziwa tu. Vipo vipakiti vya unga na vidonge vinavyotembezwa kwa jina hilo la seli shina, na muuzaji anaapa Wallahi kuwa vinatibu kila kitu, kuanzia kisukari hadi upofu.

Tuanze na hukumu, maana ndiyo fupi. Desemba 2003, Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 17 kilichofanyika Makka, liliruhusu seli hizi zichukuliwe, zikuzwe na zitumike kwa tiba iwapo zimepatikana kwa njia halali: kwa mtu mzima aliyeridhia na asidhurike, kwa mtoto kwa idhini ya walii wake, kwenye kondo la nyuma na kitovu, au kwenye mimba iliyotoka yenyewe. Likakataza zinazopatikana kwa mimba iliyotolewa makusudi bila sababu inayokubalika kisharia. Kwa hiyo anayesema elimu hii yote ni haramu anazungumza asichokijua. Qur'an yenyewe inatusimulia jinsi macho ya Nabii Yaaqub (a.s) yalivyogeuka meupe kwa huzuni kisha akarudishiwa nuru yake. Ule ulikuwa muujiza. Sisi tusio Mitume tumeamrishwa tutafute dawa, na ndivyo walivyofanya waliotutangulia. Miaka elfu moja iliyopita, huko Misri, tabibu Ammar al-Mawsili alibuni sindano yenye uwazi ndani ya kufyonza mtoto wa jicho.

Sasa seli shina ni nini? Ni chembe hai za mwili ambazo hazijamaliza kazi ya kukua, zenye uwezo wa kuzaa nyingine na kuwa sehemu fulani ya mwili. Jichoni zipo kwenye pete nyembamba, pale weusi unapokutana na weupe. Mtu akimwagikiwa na chokaa au asidi ya betri pete ile huungua, na kioo cha mbele cha jicho hufunikwa na ukungu. Wataliano Graziella Pellegrini na Michele De Luca walichukua kipande cha milimita moja au mbili kutoka jicho zima la mgonjwa, wakakikuza maabara hadi kikawa utando, wakaupandikiza kwenye jicho lililoungua. Taarifa ya kwanza waliitoa mwaka 1997. Mwaka 2010 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 112, na zaidi ya robo tatu ya macho yao yalirudi kuwa angavu. Mwaka 2015 tiba hiyo ikaidhinishwa Ulaya. Tuseme basi: ni kweli, lakini ni kwa jeraha la aina ile, si kwa kila upofu.

Hapa nataka tusimame kidogo tumtazame mtu ambaye magazeti hayamtaji, naye ni msaidizi wa maabara. Profesa ndiye anayepigwa picha. Lakini seli zile hulelewa kama vifaranga. Lazima zikae kwenye joto la nyuzi 37, zibadilishiwe maji ya chakula chao kila baada ya siku moja au mbili, zitazamwe kwa darubini kama zimebadilika umbo, na kila kisahani kibandikwe lebo ya mwenyewe. Seli hazijui Jumapili wala Idd. Bakteria wakiingia, kazi ya wiki nzima inamwagwa. Lebo zikichanganywa, seli za Juma zinaingia kwenye jicho la Hamisi. Na kijana yule, peke yake usiku, akiandika daftarini "37" bila kutazama kipimajoto, nani atamjua? Tunafundishwa katika hadithi ya Jibril (a.s) kuwa ihsani ni kumuabudu Allah hali ukijua kuwa Yeye anakuona. Wengi wetu tumeifungia hadithi hiyo ndani ya msikiti. Mahali pake pengine ni pale kwenye daftari la joto.

Tazama walivyofanya Wajapani. Septemba 2014, huko Kobe, timu ya Dkt. Masayo Takahashi ilimpandikizia mama wa zaidi ya miaka 70 utando wa nyuma ya jicho, uliotengenezwa kwa seli za ngozi yake mwenyewe. Macho yake hayakupona, ila hayakuendelea kuharibika. Mgonjwa wa pili alikuwa anasubiri. Seli zake zilipochunguzwa zikaonekana zina mabadiliko kwenye vinasaba. Wakasimamisha. Dunia nzima inawatazama, fedha zimetumika, mgonjwa ana hamu, nao wakasema hapana.

Linganisha na Florida, Marekani. Mwaka 2015 wanawake watatu wazee walilipa dola 5,000 kila mmoja kwenye kliniki moja. Wakanyonywa mafuta ya tumboni, yakasindikwa yakaitwa seli shina, wakachomwa sindano macho yote mawili siku ile ile. Walikuja wakiona kwa shida, na baada ya mwaka mmoja wao alikuwa haoni hata mwanga. Habari hiyo ilichapishwa na madaktari waliowapokea mwaka 2017. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa anayejitia utabibu na hajulikani kwa utabibu, basi yeye ndiye mdhamini wa madhara. Muuza vipakiti anayeapa Wallahi aipime dhamana hiyo kabla hajafungua begi lake.

Maana pakiti haziishii hapa mjini. Mtoto mwenye huruma anainunua na kumtumia mzee wake kule Litapunga, Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Mzee analima mahindi, macho yamefifia, anaamini kilichotoka mjini. Yamkini ana mtoto wa jicho tu, yaani lenzi imechafuka. Huyo hahitaji seli ya mtu yeyote. Lenzi inatolewa, inawekwa ya plastiki, na operesheni yenyewe haimalizi hata nusu saa. Au ana trakoma, kope zimegeukia ndani zinakwaruza jicho. Hilo nalo lina dawa, na kope hurekebishwa. La kutisha ni presha ya macho. Nuru iliyokwisha kupotea kwa presha hairudi, na hadi leo hakuna tiba ya seli iliyoidhinishwa kuirudisha. Lakini iliyobaki inalindwa kwa matone au upasuaji. Mzee wa namna hiyo akikaa miezi sita anakoroga unga kwenye uji, kile kidogo alichokuwa nacho kinakwenda, na fedha ya nauli imekwenda pia.

Wala tusidhani ni mzee tu, hana la kufanya na macho. Abdullah ibn Ummi Maktum (r.a) alikuwa kipofu, akawa muadhini wa Mtume (s.a.w), na akaachiwa Madina aswalishe watu. Surat Abasa iliteremka kwa ajili yake.

Watu wa Mpanda mlioko mjini mko wengi. Kabla ya kutuma pakiti, piga simu nyumbani, mwambie kijana amsogeze mzee kwenye mwanga amtazame: mboni ni nyeupe au nyeusi? Ikiwa nyeupe, huenda ni mtoto wa jicho, hivyo tuma nauli afikishwe hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mpanda mjini aonwe. Ikiwa nyeusi na bado haoni, tuma nauli hiyo hiyo, ila itume leo.