Mtoto Aliyefaulu Kipimo cha Macho

Tuseme nyumba ilikuwa Tabata Kimanga, na mtoto alikuwa darasa la pili. Mpira ukibingirika uani aliukimbilia. Ukisimama, aliupita kana kwamba haupo. Ubwabwa aliula upande wa mbali wa sahani, ule wa kifuani kwake ukabaki vilevile. Bibi akasema anadeka. Mwalimu akasema mvivu, maana neno moja kwenye kadi alilisoma, lakini akifunguliwa ukurasa mzima anaanza kupiga miayo.

Baba yake hakuwa mzembe. Alimpeleka kupima macho. Mtoto akasimama mbele ya ubao wa herufi E, akaelekeza mkono juu, chini, kushoto, kulia, bila kukosea. Baba akaambiwa macho ya mwanawe ni mazima. Jibu lilikuwa la kweli, na ndilo lililomponza mtoto, kwa sababu tangu siku ile kila kosa lake likahesabiwa kuwa la makusudi. Akikanyaga sufuria, kofi. Akimpoteza mama gengeni, na mama yuko palepale kwenye nyanya, kofi.

Masika yale akatumbukia kwenye mtaro mchana kweupe, mtaro anaoupita kila siku kwenda shule. Mkono ukavunjika. Baba alifika hospitali amenuna.

Baada ya plasta kutolewa, dada wa mazoezi ya viungo alimtazama akishuka ngazi, kisha akauliza jambo lisilohusu mkono.

"Mama, siku zote hupapasa hivi kwa mguu?"

"Siku zote, dada. Mimi nilidhani woga."

"Alipozaliwa alilia?"

Mama akakaa kimya kidogo. "Alichelewa. Walihangaika naye sana."

Jicho hupokea tu. Anayepambanua ni ubongo, na kazi kubwa hufanyika kisogoni. Mtoto akikosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, akizaliwa njiti, akiugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, njia za kuonea ndani ya ubongo zinaweza kuumia huku jicho lenyewe likibaki safi. Wengi wa watoto hawa hupoteza upande wa chini wa uoni, ndiyo maana ya mtaro na ya ubwabwa. Wapo wanaokiona kinachosogea, kilichotulia kikawapita: mwaka 1917 daktari George Riddoch wa Uingereza aliandika jambo hilohilo kuhusu askari waliojeruhiwa kisogoni vitani. Na vitu vikirundikana, vyote hupotea pamoja.

Kliniki waliyoelekezwa haikuanza na ubao. Ilianza na maswali kwa mama, mengi, kuhusu ngazi, sokoni, sahani, viatu. Kisha mtaalamu akaomba kanga aliyojifunga mama, akaitandaza mezani na kuweka kigari chekundu juu ya maua yake. Mtoto akapapasa, hakukipata. Kanga ikaondolewa, ikawekwa shuka nyeusi isiyo na ua hata moja, kigari kilekile. Akakidaka mara moja. Baba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, alivuta kiti akakaa.

Sisemi ubao wa E ni mbaya. Unapima ukali wa jicho, na watoto wengi wameokolewa nao. Lakini herufi zake zimepangwa kwa nafasi kwenye ukuta uliotulia, na Kariakoo haijapangwa hivyo.

Nyumbani mabadiliko yalikuwa ya bei ndogo: kikombe cha njano kinachokaa peke yake, karatasi iliyokatwa dirisha la mstari mmoja ya kusomea, sahani inayozungushwa akifika nusu, na anayemkaribia anajitaja kwanza. Ubongo ulioumia haukurudi ulivyokuwa. Kusoma anasoma, polepole, na akichoka anaachwa apumzike. Yale makofi ya mwaka mzima hakuna aliyejua ayafanyie nini.

Basi mzazi mwenzangu, ukiambiwa macho ni mazima na mtoto bado anajikwaa, mrekodi kwa simu akila, akishuka ngazi, akitafuta kiatu kwenye rundo. Beba kadi yake ya kliniki. Huduma ya macho ya watoto ipo Muhimbili, ipo na CCBRT Msasani. Ukifika usiseme tu "haoni vizuri". Mweleze daktari ni kitu gani anakiona, na kipi kinampita.