Mali ya Mume na Mali ya Mke Inapotokea Talaka



Talaka imehalalishwa, lakini dhulma haikuhalalishwa. Twasema haya kwa kuwa hapa kwetu Kuruwitu ardhi ya mbele ya bahari leo ni mali kubwa, na mume na mke wakiachana hawaachani tena kwa kugawana sufuria na mkeka. Pana kiwanja cha ufukweni, shamba la minazi, nyumba za kupangisha, mashua na mashine yake. Na aghalabu vyote vimeandikwa jina moja tu, la mume.

Husikia watu wakisema kuwa sharia yetu haimjui mke katika mali, akiachwa na atoke na nguo zake. Maneno hayo ni ya mila, si ya dini. Aya ya 32 ya Suratun Nisaa yathibitisha kuwa mwanamume ana fungu katika alichokichuma, na mwanamke vivyo hivyo. Aya ya 20 ya sura hiyo yamkataza mume kumnyang'anya mke alichompa, hata kikiwa ni rundo la mali. Basi mkufu wa mke uliouzwa ikanunuliwa mashua una hukumu yake: ama ni deni, ama ni ushirika, ama ni hiba. Anayedai hiba ndiye wa kuleta ushahidi.

Kadhalika, nyumba aliyoijenga mume kwa mali yake peke yake haiwi nusu ya mke kwa ajili ya kufungwa ndoa. Hili nalo lisemwe wazi, kwani wapo wadhanio kuwa haki ni nusu kwa nusu tu. Hata Mahakama ya Juu ya Kenya, Januari 2023, iliamua kuwa usawa uliotajwa katika kifungu cha 45 cha Katiba si kugawa nusu kwa nusu, bali kila mmoja apate kwa kadiri ya mchango aliouthibitisha. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, katika kifungu cha 3, imempa Mwislamu nafasi ya kuhukumiwa kwa sharia ya dini yake. Nafasi hiyo ni amana. Asiikimbilie mtu kwa kutaka kula jasho la mkewe.

Lililo gumu ni kazi isiyo na risiti. Mke aliyekaa miaka ishirini akipika, akilea, akisimamia wakwezi na kupokea kodi za wapangaji, je, hakuchuma? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilihukumu katika shauri la mume na mke Waislamu kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali. Mke yule hata hivyo hakupata kitu, kwa kuwa fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha biashara alizifuja. Wako watakaosema kuwa hayo ni ya mahakama za serikali. Nasi twawakumbusha Ibn Ardun, mwanachuoni wa Kimaliki wa Morocco katika karne ya 16, aliyetoa fatwa kuwa wanawake wa mashamba wana fungu katika mavuno waliyoyatolea jasho. Huyu hakusoma sheria za Kizungu.

Dawa ni kuandikiana mapema. Wazee wa hapa mwaka 2005 walikubaliana kuifunga sehemu ya bahari ili samaki warudi, na mapatano hayo yakashikwa. Ajabu ni kuwa tumeweza kuandikiana juu ya changu na tafi, tukaona haya kuandikiana na wake zetu! Mke akitoa fedha ya kiwanja, jina lake liingie katika hati siku ile ile, mbele ya mashahidi.

Na kwa waliokwisha kuachana: mahari iliyobaki ni deni, ilipwe kabla ya kuhesabu kingine. Mke wa talaka rejea asitolewe nyumbani edani, na chakula chake ni juu ya mume. Kiliwazo alichotajiwa katika aya ya 241 ya Suratul Baqara kipimwe kwa uwezo wa mume. Mwenye nyumba sita za kupangisha asitoe kanga mbili akasema ametimiza. Lililobaki na wapeleke kwa Kadhi, wakiwa na hati zao zote mkononi.

Wabillahi tawfiq.